Hiyo shilingi nani kala?

Mwaka jana mama mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinipigia, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba halafu akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, kwenye simu riba inasoma 1,251, kwenye risiti inasoma 1,250, sasa hiyo shilingi nani kala?"

Shilingi moja huwezi kununua nayo chochote, lakini kwenye kikundi ambacho watu wanahesabu hela mezani kila Jumamosi mbele ya wote, shilingi isiyojulikana ilipo inaweza kuvunja imani ya miaka. Nikakaa chini na kompyuta usiku ule ule.

Tatizo lilikuwa hivi. Programu ya kikundi niliiandika mimi: seva, ile kompyuta inayotunza hesabu, kwa lugha ya Python, na upande wa brauza, yaani ukurasa mtu anaoufungua kwenye simu, kwa JavaScript, kwa hiyo hesabu ya riba ilikuwa imeandikwa mara mbili, huku ili mtu aone riba kabla hajabonyeza, kule ili iingie kwenye databezi na kwenye risiti. Salio la mwanachama mmoja lilikuwa 25,010, riba asilimia 5 kwa mwezi, ukipiga unapata 1,250.5. Hiyo nusu ndio balaa lenyewe. Math.round, agizo la JavaScript la kukadiria namba, ikikuta nusu kwenye hela kama hii inapandisha juu, 1,251. round ya Python 3 ikikuta nusu inaenda kwenye namba shufwa ya karibu, 1,250. Hakuna lugha iliyokosea, kila moja imefuata utaratibu wake na umeandikwa wazi kwenye maelezo yake, mimi ndio nilikuwa na sheria mbili kwenye kikundi chenye katiba moja.

Ningeweza kurekebisha ule mstari wa Python nikalala. Ila nilipoanza kupekua nikakuta yale yale kwenye namba za simu, upande wa brauza nilishaongeza namba za Halotel zinazoanza na 062, upande wa seva nikasahau, kwa hiyo mtu anajaza fomu vizuri kabisa, inamwambia sawa, anabonyeza tuma, inamkatalia. Wangapi waliishia hapo wakaacha sijui. Hapo ndio nikaamua seva yote inahamia Node.js na kila sheria ya kikundi inaandikwa mara moja tu, faili moja, linasomwa pande zote mbili.

Kwa ambao hamjapitia huko: JavaScript ilianza 1995, Brendan Eich aliitengeneza ndani ya siku 10 kwa ajili ya brauza ya Netscape, na Netscape wenyewe walijaribu mapema kuiweka kwenye seva lakini haikushika. Iliyokuja kushika ni Node.js ya Ryan Dahl, 2009, alichukua V8, ile injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, akaitoa nje ya brauza. Kuanzia hapo lugha moja inafanya kazi pande zote, na mimi nikatengeneza folda nikaiita pamoja. La kwanza kuingia ni hili:

export function riba(salio, asilimia) {
  return Math.floor((salio * asilimia + 50) / 100);
}

Hesabu ni shilingi kamili tu, nusu inapanda, basi. Nilimsomea mhazini kwa maneno ya kawaida, akasema ndivyo tulivyokubaliana kwenye kikao. Hiyo ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, kwamba kuna sehemu moja naweza kuweka kidole nikasema sheria yenu iko hapa.

Ila msikimbilie kuhamisha kila kitu, mimi nilikimbilia na nikaumia mara mbili.

Ya kwanza ni siri. Kwenye folda ya pamoja niliweka pia faili la mipangilio, jina la kikundi, asilimia za riba, na humo humo ufunguo wa huduma ya kutuma SMS. Chochote kinachosomwa na brauza kinapakuliwa kwenye simu ya mtu, kwa hiyo rafiki yangu mmoja alifungua tu chanzo cha ukurasa akatafuta, akaukuta ufunguo umekaa wazi, akanitumia picha. Nilibadilisha ufunguo saa hiyo hiyo. Vite, zana ya kuandaa kodi ya programu kwa ajili ya brauza, inajitahidi hapa, kwenye faili la mipangilio liitwalo .env inapeleka kwenye brauza zile tu ambazo majina yake yanaanza na VITE_, lakini hiyo inalinda vitu vya kwenye faili hilo tu, ukiandika siri kwa mkono ndani ya faili la pamoja hakuna wa kukuzuia.

Ya pili iliniumiza zaidi maana kodi ya programu ilikuwa moja kabisa, fankisheni ile ile, na bado majibu yakatofautiana. Mwanachama mmoja anafanya kazi za usiku, alilipa mchango wa Machi tarehe 1, saa 7 na robo usiku. Simu yake ikaonyesha Machi. Seva inatumia UTC, saa za kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele, kwa hiyo kwa seva ilikuwa bado saa 4 na robo usiku ya siku ya mwisho ya Februari, ikamuandikia Februari ambayo alishalipa, na Machi ilipoisha ikampiga faini. Mtu kalipa wa kwanza kabisa halafu ndio anapigwa faini! Nilimpigia mwenyewe kumuomba radhi. getMonth, agizo la JavaScript la kuuliza mwezi, inasoma saa ya mashine iliyopo, na mashine zilikuwa mbili. Sasa hakuna fankisheni kwenye folda ile inayouliza saa yenyewe, inapewa muda pamoja na jina la saa za hapa, Africa/Dar_es_Salaam, inajibu.

Kwa hiyo kinachoingia kwenye folda ya pamoja kwangu ni kile kinachopokea kitu na kurudisha kitu, hakigusi databezi, hakigusi window (dirisha la brauza), hakina siri, hakiangalii saa. Ni mafaili manne tu, mepesi, hayali bando la mtu. Na seva inakagua kila kitu upya hata kama brauza ilishakagua, maana mtu anaweza kutuma ombi bila kufungua ukurasa wangu kabisa, faida ni kwamba ukaguzi wenyewe ni ule ule kwa hiyo mtu mkweli hakataliwi bila sababu.

Kilichobaki kinaninyima usingizi ni simu zenye kodi ya zamani. Wanachama wengine mtandao unakata siku nzima, ukurasa umehifadhiwa kwenye simu, kikao kikibadilisha riba Jumamosi seva inajua, simu haijui, tunarudi kwenye sheria mbili tena kwa mlango wa nyuma. Kwa sasa kila ombi linabeba namba ya toleo la sheria, isipolingana seva haihifadhi kimya kimya, inarudisha hesabu mpya, mtu anaona zote mbili ndio anakubali. Jumamosi hii mhazini ataijaribu kwa simu yake, kasema ataanza na lile salio la 25,010.