Jinsi nilivyoacha kufundisha kwa video

Nilipohamishia somo langu la takwimu mtandaoni, nilifungua kipindi cha video cha saa mbili nikaanza kuongea kama niko darasani. Kufikia wiki ya tatu zaidi ya nusu ya darasa hawaonekani. Nikadhani ni uvivu, hadi nilipowapigia simu mmoja mmoja.

"Mwalimu, naingia, ila sauti inakatakata. Nikirudi umeshafika mbali, na bando linaisha kabla ya kipindi."

Nikapiga hesabu. Video inayosafiri kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Sauti tupu ya kilobiti 32 kwa sekunde, kwa dakika kumi, ni MB 2.4 tu. Usiku huo nikaanza kurekodi upya.

Kila mhadhara niliuvunja vipande vya dakika nane hadi kumi, na kila kipande na kurasa zake mbili tatu. Niliziandika upya kwa kompyuta, maana zile nilizokuwa nimezipiga picha zilikuwa nzito mno. Vyote nikaviweka kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ambao programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua mara moja, kisha akasoma bila intaneti.

Kazi ngumu ilikuwa mdomo wangu. Miaka yote nimezoea kusema "tazameni hapa" huku nikigonga ubao. Kwenye sauti hakuna "hapa". Ilibidi nijifunze kusema, "Ukurasa wa pili, jedwali la chini, safu ya tatu, simamisha sauti, jumlisha mwenyewe, kisha endelea." Vipande vingine nilivirekodi mara nne.

Jaribio la nusu saa nalo nililifuta, kwani umeme ukikatika mwanafunzi amepoteza alama zake bila kosa. Nikatoa siku tano, na kila mmoja akusanye takwimu zake mwenyewe, hivyo kunakili hakumsaidii mtu.

Mmoja alinitumia picha ya daftari, imepigwa kwa mwanga wa tochi, kivuli cha kidole gumba kimeangukia mstari wa mwisho. Kwa siku saba alikuwa ameandika kila saa kama mtandao upo au haupo kwao. Jedwali lake la marudio, yaani la kuhesabu mtandao ulikuwepo mara ngapi kwa kila saa, lilionyesha wazi: mtandao hutulia kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri. Tangu hapo vipindi vipya napandisha saa tatu usiku, ili akiamka avikute.