Ahadi, utoto na mwezi mpevu wa Desemba

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 2023, mwezi ukiwa mpevu, mwenzangu aliniuliza swali la neno moja: "Lini?" Alikuwa anaulizia tarehe ya ndoa, jambo ambalo tulikuwa tumelizungumzia mwaka mzima kwa kulizungukazunguka, nami nikainuka nikaanza kukusanya vyombo ambavyo hakuna aliyeniomba nivikusanye. Nilivisuuza kimoja kimoja, nikavifuta, nikavipanga kwa ukubwa wake, na nilipogeuka nikamkuta bado amekaa palepale akinisubiri. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na daftari ambalo naandika humo mwendo wa Mwezi na hali ya moyo wangu, kwa hiyo badala ya kujibu nililichukua daftari hilo nikaenda nalo chumbani, kama mtu anayekwenda kutafuta ushahidi wa kujitetea.

Kwa hesabu ya wanajimu, Jua huingia buruji ya Mbuzi, moja ya sehemu 12 za njia yake angani, tarehe 21 au 22 Desemba na kukaa humo hadi karibu tarehe 20 Januari. Mtawala wa Mbuzi ni Zohali, sayari ambayo unajimu wa kale uliikabidhi muda, mipaka, uzee na kila kitu kinachomfunga mtu. Mwezi nao hauwi mpevu ila pale unapokabiliana na Jua, dunia ikiwa katikati yao, na buruji inayokabiliana na Mbuzi ni Kaa, ambayo mtawala wake ni Mwezi wenyewe. Kwa hiyo mwezi mpevu wowote unaoonekana Jua likiwa Mbuzi ni lazima uwe katika Kaa, yaani uko nyumbani kwake, katika buruji ya mama, ya nyumba ya kwanza na ya kumbukumbu. Mwaka 2015 mwezi huo uliangukia siku ya Krismasi yenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1977 na halitarajiwi tena hadi 2034.

Ndiyo maana, kwa anayeifuata lugha hii ya nyota, sikukuu za mwisho wa mwaka haziwezi kuwa furaha tupu. Upande mmoja wa anga kuna Zohali anayedai hesabu ya mwaka: uliahidi nini, umetimiza nini, na je, mwakani utakuwa bado unasema "tutaona"? Upande wa pili kuna mtoto anayetaka kubebwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kama deni lina mdai wake angani, basi ni huyu Zohali, anayelizunguka Jua kwa takriban miaka 29 na nusu na ambaye, kwa mujibu wa wanajimu, hurudi mahali alipokuwa siku ya kuzaliwa kwako wakati hasa unapokaribia miaka 30 na watu wote wameanza kukuuliza mipango yako. Wanajimu husema pia kwamba Zohali hutukuzwa, yaani hupata heshima yake ya juu, katika Mizani, buruji ya wenza na mapatano. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinishangaza, kwa sababu nilitegemea mapenzi yakabidhiwe sayari Zuhura peke yake, lakini mtu aliyeishi na mwenzake mwaka wa tano au wa sita ataelewa kwa nini watu wa kale walimweka mzee huyo mkali katika nyumba ya ndoa.

Tena Zohali hakuwa mkali siku zote. Warumi waliomwita Saturnus walimfanyia sikukuu iliyoanza tarehe 17 Desemba, na ambayo baadaye ilirefuka ikafika siku saba. Katika siku hizo watumwa waliketi mezani na mabwana wao, wengine hata wakahudumiwa nao, michezo ya kamari iliruhusiwa hadharani, na watu walipeana zawadi za vinyago vidogo vya udongo. Nalipenda jambo hilo kuliko mengi niliyosoma kuhusu sayari hii: mungu aliyewabana watu kwa mwaka mzima aliheshimiwa kwa kuwaacha wazima wacheze kama watoto.

Kuhusu utoto wenyewe, maelezo yanayonigusa zaidi ni ya Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 2 kwamba umri wa binadamu umegawanywa kati ya sayari saba, Jua na Mwezi wakihesabiwa humo. Miaka minne ya mwanzo aliipa Mwezi, kumi inayofuata akaipa Utaridi, na mwisho kabisa, kuanzia miaka 68, akampa Zohali. Watafiti wa saikolojia wa zama zetu nao wameona kwamba watu wazima wengi hawakumbuki chochote kilichowapata kabla ya miaka mitatu au minne. Hapo ndipo ninapotua kila mara, kwa sababu ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, miaka ya Mwezi ni ile ile ambayo hatuna picha zake wala maneno yake, na kama imebaki mahali popote, imebaki kama harufu inayokukaza koo bila sababu, au kama hofu inayokuinua mezani kwenda kuosha vyombo.

Kumbukumbu iliyonijia chumbani usiku ule, hata hivyo, ilikuwa ya miaka ya Utaridi, kwa hiyo maneno yake ninayo. Nilikuwa na miaka sita, na baba, ambaye hakuwa akiishi nasi, alikuwa ameahidi kuja kunichukua siku ya sikukuu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimejifunza kufunga kamba za viatu. Nilivivaa asubuhi na mapema, nikapiga fundo juu ya fundo, na kwa kuogopa kwamba nikivivua sitaweza kuvifunga tena atakapofika, nikakataa kuvivua mchana kutwa. Hakufika. Nilipitiwa na usingizi navyo miguuni, na kwa kuwa mafundo yalikuwa yamekazika kupita kiasi, mama alizikata kamba kwa mkasi. Asubuhi nilizikuta vipande vipande sakafuni, nikalia sana, na kila aliyeniuliza nilimwambia nalilia kamba.

Nilizaliwa Mwezi ukiwa Mbuzi, mahali ambapo wanajimu husema Mwezi uko ugenini, na humweleza mtu wa namna hiyo kuwa mtoto anayejifunza mapema kuficha haja yake nyuma ya kazi. Ukinisoma hadi hapa utaona maelezo hayo yananienea kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu. Lakini naijua vizuri hila ya nguo hizo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe yote yalikuwa nakala moja iliyotokana na kitabu cha unajimu kilichouzwa vibandani. Wastani wa alama walizoyapa kwa usahihi ulikuwa 4.26 kati ya 5. Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha jaribio ambalo wanajimu walishindwa kuoanisha ramani za kuzaliwa, yaani michoro ya anga la siku mtu alipozaliwa, na maelezo ya tabia za wenye ramani hizo zaidi ya vile ambavyo bahati tu ingeweza kufanya. Na ukitoka nje ukaitafuta nafasi halisi ya Jua siku ya Krismasi, utakuta liko mbele ya kundi la nyota la Mshale, si la Mbuzi, kwa kuwa mhimili wa dunia umeyumba taratibu tangu Wababeli walipozigawa buruji 12. Siamini, basi, kwamba Mwezi ulinisukuma kutoka mezani. Ninachokipata kwenye daftari ni miadi: anga linanipangia usiku mmoja wa mwaka wa kuuliza habari za yule mtoto mwenye viatu, nami nisingeuliza bila kupangiwa.

Kuna matumizi mengine ya nyota ambayo yananikera, na nimeyafanya mwenyewe. Mtu huambiwa "nyota zetu haziendani" na mwenzake ambaye amechoka na hataki kulisema. Mwingine hutangaza kwamba yeye ni Mshale na Mshale hafungiki, kana kwamba tarehe ya kuzaliwa imemsamehe madeni yote ya maneno yake. Usiku ule daftari lilinipa kisingizio cha hali ya juu. Tangu tarehe 13 Desemba Utaridi ilikuwa inaonekana kurudi nyuma angani, kama inavyoonekana mara tatu au zaidi kila mwaka kwa majuma matatu hivi, na wanajimu hushauri kwamba katika kipindi hicho mtu asitie saini mkataba wala kufanya uamuzi mkubwa. Niliandika neno moja kwenye ukurasa wa siku hiyo, nikapiga mstari chini yake, na nikarudi kumwambia mwenzangu kwamba nimechoka. Sikumwambia kwamba ukurasa huo huo ulionyesha Zohali akiwa Samaki, karibu nyuzi 120 kutoka kwa Mwezi, mkao ambao wanajimu wale wale wangeuita wa heri kwa mtu anayetaka kutoa ahadi kwa moyo wote.

Siku zilizofuata nilimsimulia habari za viatu. Hakusema mengi, aliuliza tu kama baba aliwahi kueleza kilichomzuia, nikasema sikuwahi kumuuliza, na nilipolisema hilo kwa sauti ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimemtendea mwenzangu jambo lile lile nililotendewa, la kumwacha mtu amekaa amevaa viatu.

Tarehe 1 Januari 2024 Mwezi ulikuwa umetoka Kaa, umepita Simba na umeingia Mashuke, buruji inayosifiwa kwa orodha na hesabu kuliko kwa mahaba, na Utaridi ilikuwa imebakiza saa chache kabla ya kugeuka. Nilitaja tarehe tukiwa tunakunja nguo. Aliniomba nirudie, nikarudia, kisha akaenda chumbani akalichukua daftari na kuiandika kwa mkono wake, kwa wino, kwenye ukurasa wa usiku ule wa mwezi mpevu, chini ya neno nililokuwa nimelipigia mstari: "Subiri."