Sehemu ya kumi ya sekunde

Kapchorwa, Jumapili usiku

Mvua imetuharibia mazoezi, basi jioni yote nimekaa na saa ya kupimia mkononi nikifanya utoto: nabonyeza kuianzisha, nabonyeza kuisimamisha, nione kidole kitafika sekunde 0.1. Nimeishia 0.14. Mdogo wangu akaninyang'anya, akapata 0.12, kelele zake zikamwamsha mama.

Aliyeniingiza katika mchezo huu ni Jean Bouin, Mfaransa wa Marseille. Stockholm, Julai 1912, fainali ya Olimpiki ya mita 5,000. Yeye na Hannes Kolehmainen wa Finland waliwatupa wengine mbali, wakabaki kuviziana wao wawili mpaka kwenye utepe. Kolehmainen 14:36.6, Bouin 14:36.7. Kabla ya siku ile hapakuwa na rekodi iliyo chini ya dakika 15. Wa tatu, Mwingereza George Hutson, alikuja na 15:07.6, nusu dakika nzima nyuma yao.

Mwaka uliofuata Bouin alirudi Stockholm akakimbia saa moja bila kusimama, akamaliza zaidi ya kilomita 19. Rekodi ya dunia. Mashindano ya kimataifa ya mbio za nyika alikuwa ameyabeba mara tatu mfululizo, 1911 hadi 1913. Halafu vita. Aliuawa tarehe 29 Septemba 1914, akiwa na miaka 25.

Nikadhani habari imeishia hapo. Nikamtafuta Hutson: aliuawa tarehe 14 Septemba 1914. Siku kumi na tano tu kabla ya mwenzake! Medali ya fedha na ya shaba za mbio ile moja, mwezi mmoja. Kolehmainen alibaki, na mwaka 1920 akashinda maratoni ya Olimpiki kule Antwerp. Olimpiki ya 1916, iliyokuwa ifanyike Berlin, haikufanyika kabisa.

Hutson ndiye anayeninyima usingizi zaidi, maana alikuwa askari wa kazi, sajenti. Huku kwetu Uganda gwanda ndilo linalomlisha mkimbiaji. Joshua Cheptegei, bingwa wetu wa mbio ndefu, ni polisi; Stephen Kiprotich, bingwa wetu wa maratoni, ni wa magereza. Viatu, mshahara, muda wa kufanya mazoezi: bila hivyo kijana wa mlimani anarudi kulima mahindi na kasi yake yote. Sina ubishi na hilo. Ni mimi mwenyewe niliyemwambia mdogo wangu ajaribu jeshini.

Fomu iko mezani, pembeni ya taa. Ameijaza kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima kama kuruta kwenye gwaride. Nafasi moja tu ameiacha, ya jina la ndugu wa kuarifiwa.

"Kaka, niandike wewe au mama?"

Nimemwambia aandike mimi. Mama hajui kusoma ujumbe wa simu.