Grisi si grisi tu: nilivyochagua mafuta ya rili zangu

Niliambiwa na watu wazima, wenye vidole vilivyokatwakatwa na mshipi, kwamba rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia, haina siri: "Mwanangu, fungua, jaza grisi, funga, kavue." Grisi yenyewe ni ile ya gari, na ikikosekana, puliza dawa ya kutu mpaka ivuje. Nimeshasafisha rili nyingi za watu waliofuata ushauri huo, na nasema bila haya kwamba zangu ndizo zisizopiga kelele.

Nianze na hilo kopo la kupuliza, maana ndilo linaloniudhi zaidi. Dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kufukuza maji na kulegeza kutu. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyushi kinachoruka hewani, kinabaki kiutando chembamba mno. Ukipulizia ndani ya rili unaosha grisi iliyokuwamo, halafu unafurahi kwamba mkono wa rili, ule wa kuzungushia, umekuwa mwepesi. Lazima uwe mwepesi, gia zinasagana kavu! Kopo hilo hata mimi ninalo. Nalitumia kwa skrubu iliyoganda, kisha naifuta.

Mimi hujiuliza mambo mawili tu: kifaa hiki kinazunguka kwa kasi gani, na kinabeba mzigo gani? Chenye mbio na mzigo mdogo nakipa mafuta mepesi. Kinachokwenda taratibu na kubeba mzigo mzito nakipa grisi. Beringi za spuli, yaani gurudumu linalokunjiwa mshipi, kwenye rili ya ngoma, ile ambayo spuli yenyewe huzunguka unaporusha, ukizijaza grisi chambo kitaangukia miguuni pako. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila beringi linatosha, na ukizidisha linarushwa hadi kwenye breki za spuli. Gia kubwa na pinioni yake, ile gia ndogo inayozungushwa nayo, ndizo za grisi, tena ya kupaka kwenye meno, si ya kujaza nyumba nzima. Uzito wa grisi, yaani ugumu wake, hupimwa kwa namba za NLGI, taasisi ya Marekani ya grisi, kuanzia 000 iliyo laini kabisa mpaka 6 iliyo ngumu. Grisi ya gari kwa kawaida ni namba 2. Kwa rili kubwa ya jodari haina neno, ila kwa rili ndogo ni nzito, na mimi napenda namba 0 au 1.

Sasa nije kwenye klachi, ile inayozuia mkono usizunguke kinyumenyume. Mzee mmoja aliniletea rili yake akilalamika kwamba samaki akigonga, mkono unamrudia na kumpiga vidole. Alikuwa ameshaamua kwamba kiwanda kimemuibia. Nilipofungua sikuona klachi, niliona grisi. "Niliijaza mwenyewe kwa kidole," akasema, na alisema kwa fahari kweli. Ndani ya klachi hiyo kuna virola vyembamba vya chuma, na kila kimoja kinasukumwa na springi ndogo sana. Ukizungusha mbele virola vinateleza, ukirudisha nyuma vinajikaba kwenye kona zao na mkono unakwama papo hapo. Grisi nzito inavishika virola visirudi mahali pake, na kukiwa na baridi ndiyo mbaya zaidi. Niliiloweka klachi kwenye spiriti, nikaikausha, nikaitilia mafuta mepesi kiasi cha kulowesha ncha ya sindano. Mzee akavuta mkono kwa nguvu zake zote, haukurudi hata kidogo. Akaniuliza nimeweka kifaa gani kipya. Nikamwambia, "Sijaweka kitu, mzee, nimetoa tu." Akasikitika kwamba nimemwaga grisi nzuri.

Kwa vile kila mtu husifia grisi yake, niliamua kuzifanyia mtihani, na mtihani huu najivunia mpaka leo. Nilitafuta misumari isiyopakwa zinki na vipande vya alumini, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Kila jozi ikapata dawa yake: mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando, mafuta ya cherehani, dawa ya kopo, grisi ya gari, grisi nyeusi ya grafaiti, na grisi ya mashine za boti. Jozi moja niliiacha tupu iwe shahidi. Kila siku nilizichovya kwenye maji ya chumvi kisha nikazianika juani. Nyumbani walidhani nimeanza uganga.

Msumari mtupu uliota kutu kwanza, na ule wa dawa ya kopo ukaufuata upesi. Mafuta ya kupikia yalinishangaza, maana mwanzoni yalionekana yanashinda. Baadaye yakageuka ulimbo unaonata, kwa sababu mafuta mengi ya mimea yakikaa hewani hushikana na oksijeni na kukauka. Fikiria ulimbo huo ndani ya beringi. Mafuta ya mgando yaliyeyuka juani yakatiririka, yakauacha msumari nusu uchi. Ya cherehani yalioshwa mapema, ila siyalaumu, hayakutengenezwa kukaa kwenye maji na beringi huongezwa mafuta mara kwa mara. Grisi ya gari ilijitahidi, ingawa ilianza kuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba imemeza maji. Ile ya grafaiti ndiyo iliyonifurahisha, maana ndiyo niliyokuwa nikisifiwa kuliko zote: msumari ulikuwa salama, lakini alumini ilitoka vidonda vya unga mweupe. Grafaiti hupitisha umeme, na ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi unakuwa umetengeneza betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Rili ngapi zina mwili wa alumini? Grisi ya boti nilipoifuta, chuma chini yake kiling'aa vilevile. Tangu hapo ndiyo inayokaa kwenye gia zangu na kwenye nyuzi za skrubu zote. Na bei yake kwa uzito ni ndogo kuliko vile vitubu vyenye picha ya samaki.

Washa za breki, vile visahani vinavyosuguana ili samaki avute mshipi kwa shida, ni habari nyingine. Za nyuzi za kaboni nazipaka grisi ya teflon iliyotengenezwa kwa breki, kisha naifuta mpaka ubaki mng'ao. Grisi ya kawaida ikipata joto samaki anapokimbia inalegea, na breki inaanza kushika na kuachia. Hapo ndipo mshipi unakatika na mtu anasema samaki alikuwa mkubwa. Nikimaliza nafunga mizani ya springi kwenye mshipi na kuvuta: kwa mshipi wa kilo 9 naweka breki karibu kilo 3, na mshale ukirukaruka nafungua tena.

Usiweke grisi mpya juu ya nzee usiyoijua. Baadhi zikichanganyika hulainika na kutiririka. Mafuta ya taa na mswaki mkuukuu huondoa ya zamani, lakini asetoni iweke mbali na plastiki. Skrubu ya kupanga mshipi, ile yenye mifereji inayopishana mbele ya spuli, ipe mafuta badala ya grisi, kwa sababu iko wazi na grisi inakamata mchanga. Rili za Daiwa zenye Mag Sealed zina mafuta ya sumaku ya kuzuia maji. Hapo usitie tone lolote.

Mafuta yangu nayaweka kwenye mabomba ya sindano. La klachi lina utepe mwekundu, kwa ajili ya wageni wenye vidole vyepesi.

Kiroda kinachopitisha mshipi ndicho hufa kwanza, maana chumvi inaingia humo kila unapovuta, nacho hakuna anayekikumbuka. Nikitoka baharini nakaza breki, naimwagia rili maji baridi taratibu bila presha, maana presha inaisukuma chumvi ndani. Ikikauka nalegeza breki kabisa ili washa zisikandamizane, na kiroda kinapata tone lake.