Mshale wa Buluu: Siku Mbili juu ya Chaki ya South Downs

"Shemeji, hili si shamba la mtu?"

Mkono wa shemeji yangu ulikuwa tayari juu ya komeo la lango, lakini hakuthubutu kulifungua. Ng'ambo ya lango kondoo walikuwa wametapakaa majanini, na katikati yao njia nyeupe ilipanda moja kwa moja kuelekea Amberley Mount. Treni ilikuwa imetushusha na baiskeli zetu kituo cha Amberley, kwenye vilima vya South Downs kusini mwa Uingereza, muda si mrefu, na tayari mlima ulikuwa umetutoa jasho.

Ni shamba la mtu, nikamjibu. Nikamwonyesha mshale wa buluu kwenye nguzo. Fungua, tupite, kisha ulifunge kama ulivyolikuta.

Niliishi nchi hii miaka mitano bila kujua maana ya mishale hiyo, na ninaisikitikia miaka ile. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu peke yao. Wa buluu ni wa njia ya farasi, na tangu sheria iliyopitishwa mwaka 1968 mwendesha baiskeli naye hupita humo kwa haki yake, mradi awapishe wenye farasi na wenye miguu. Ardhi ina mwenyewe na hati anayo, lakini njia haimo mikononi mwake. Hawezi kuifunga, hawezi kukutoza, wala huna haja ya kumpigia hodi. Mimi nimekulia Lushoto, nikipita mashambani mwa watu kwa salamu na kujuana. Kukuta sheria inampa mgeni asiyejuana na yeyote nafasi ileile, kwangu ni jambo kubwa.

Njia yenyewe ni South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, na mwanzo hadi mwisho iko wazi kwa baiskeli. Sisi tulichukua kipande cha mashariki, kilomita 80 na ushei, siku mbili za mwisho wa Mei. Nashauri kwenda kuelekea mashariki, kwa sababu huku upepo hupenda kuvuma kutoka kusini-magharibi, na juu ya mgongo ule wa vilima hakuna pa kujikinga nao. Afadhali ukusukume.

Baiskeli zetu ni za changarawe: usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, tairi pana za milimita 45, gia nyepesi za kupandia. Tairi hazina tyubu. Ndani yake mna gundi ya majimaji inayoziba tundu dogo yenyewe. Upepo tuliupunguza ili tairi ilale vizuri juu ya mawe.

Mawe ndiyo hasa ya kuzungumzia. Vilima hivi vyote ni chaki, masalia ya viumbe wadogo mno waliotulia chini ya bahari enzi za dinosaria. Ikikauka, chaki ni barabara safi, ngumu, inayong'aa hadi macho yanauma. Ikilowa inateleza kama sabuni, na inajaa kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na ndani ya chaki mmelala gumegume, jiwe lilelile la kuwashia baruti ya bunduki za kale. Likipasuka linakuwa na makali ya wembe.

Lilitupata baada ya Chanctonbury Ring. Tulikuwa tumekaa kwanza pale juu, ndani ya boma la kale la udongo lenye duara la miti iliyopandwa mwaka 1760 na kijana aitwaye Charles Goring. Tufani ya Oktoba 1987 iliangusha sehemu kubwa ya miti ile, ikapandwa mingine, na leo duara linaonekana tena kutoka mbali. Tukateremka kwa kasi kuelekea mto Adur, na hapo nikasikia tairi ya nyuma ikitoa mlio kama wa nyoka. Ubavu ulikuwa umechanika urefu wa ukucha. Gundi ilimwagika yote, haikuziba kitu. Shemeji akakata kipande cha tairi kuukuu alichokibeba mfukoni, tukakiweka ndani ya mchaniko, tukatia tyubu, tukajaza upepo kwa pampu ya mkono hadi mabega yakauma. Kipande kile kilinifikisha Eastbourne. Usiende South Downs bila kitu kama hicho.

Pale bondeni Botolphs pana bomba la maji kwa wasafiri. Tulikunywa, tukajaza chupa, kisha tukapanda Truleigh Hill polepole, sehemu nyingine tukisukuma. Kuna hosteli juu kabisa, karibu na minara ya mawasiliano. Tulilala humo, tukisikia upepo usiku kucha.

Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni, sisi tukiwa juu yake. Karibu na Devil's Dyke tulikutana na mama mmoja juu ya farasi mkubwa wa kahawia. Tukasimama kando, tukamsalimu kwa sauti mapema, kwa maana farasi hushtuliwa na kitu kinachokuja kimyakimya. Alitushukuru, kisha akafungua lango bila kushuka. Komeo za malango haya zina mkono mrefu unaofikiwa na aliyeketi juu ya farasi. Aliyezibuni alimfikiria mpitaji.

Vinu viwili vya upepo vya Clayton tulivipita bila kukawia. Ditchling Beacon, mita 248, palikuwa na watu wengi waliopanda kwa gari. Ugumu ulikuwa mbele: kila mto, Ouse kisha Cuckmere, unaikata safu ya vilima, nawe unateremka hadi karibu usawa wa bahari halafu unaanza upya. Pale Southease miguu yangu iliishiwa kabisa. Tulikula mkate na tende tukiwa tumeegemea ukuta, tukaondoka.

Alfriston njia inagawanyika. Moja inafuata kingo za majabali meupe ya Seven Sisters juu ya bahari, na shemeji alikuwa ameota majabali hayo tangu aone picha zake. Lakini hiyo ni ya waendao kwa miguu tu. Alisimama mbele ya mshale wa njano kitambo, kisha akageuza usukani.

"Basi tufuate wetu."

Wetu ulitupandisha Windover Hill, na sijuti. Njia inazunguka bonde lisilo na mto, lenye majani mafupi yaliyokatwa na kondoo, vipozamataza wakiimba juu sana bila kuonekana. Hatukusema neno kwa karibu nusu saa. Baada ya Jevington tulipanda mara ya mwisho, na bahari ikatokea yote, kijivu, na Eastbourne chini yake.

Lango la mwisho aliwahi yeye kulifungua. Nyuma yetu walikuwa wakija mzee na mbwa wake. Shemeji akalishikilia hadi walipopita wote wawili, akalifunga, akatikisa komeo kuhakikisha.