Nilivyoandaa vifaa vya kuzamia Ziwa Huron

Kuzamia nilijifunza Nungwi, ambako suti nyembamba ya mpira inatosha na kubaki. Nilipohamia Toronto nikaanza kuulizia Tobermory, kwenye Ziwa Huron, nilitarajia wazamiaji wa huko wanitanie kuhusu baridi. Wao wakaniuliza regulata yangu, kile kifaa kinachoshusha mgandamizo wa hewa ya mtungi ili ipumulike, ni ya aina gani.

Walikuwa na sababu. Hewa ikitoka kwenye mtungi wenye mgandamizo wa bar 200 na kushushwa hadi bar 10 hivi, inatanuka na kupoa vibaya sana. Baharini kwetu maji yenyewe yanaipasha regulata. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, barafu inaweza kujijenga kwenye springi, vali ikakwama wazi, na hewa ikabubujika mpaka mtungi uishe. Ndiyo maana pesa nyingi nilizipeleka huko: regulata mbili zilizozibwa ili maji yasifikie springi, kila moja kwenye vali yake juu ya mtungi mmoja. Moja ikiganda, naifunga na kuhamia ya pili. Hilo nimelifanyia mazoezi bwawani nikiwa na glovu nene, maana kwa vidole vitupu kila mtu ni fundi.

Suti kavu, ile isiyopitisha maji ndani, nilinunua ya mtumba, nikabadilisha mipira ya shingoni na mikononi. Ndani navaa sufu. Pamba ikishika jasho inakuwa adhabu.

Risasi za mkanda, yaani vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kushuka, ndizo zilizonichosha. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo unapunguza. Lakini suti kavu imejaa hewa, kwa hiyo unaongeza, tena zaidi ya ulichopunguza. Nilijipima kwenye maji mafupi, mtungi ukiwa umebaki na bar 50, nikaongeza risasi mojamoja mpaka maji yakanifika machoni.

Nikiwa bado juu ya maji sipumui kwenye regulata, kwa sababu unyevu wa pumzi ndio unaoganda baadaye. Suti naijaza hewa kwa kugusa kitufe kidogo kidogo, na wakati huo sivuti pumzi.

Nilianzia kwenye Sweepstakes, merikebu ya tanga iliyozama mwaka 1885. Mbao zake bado zimeshikana, kwani ziwani hakuna wale wadudu wanaotoboa majahazi yetu. Iko mita 6 hivi tu chini. Regulata ikigoma, kupanda juu ni jambo dogo.