Daftari la kliniki na kikopo cha asubuhi

Jumapili moja nilikaa mezani nyumbani kwangu Tabata nikalipekua daftari langu la kliniki ya kisukari, ukurasa mmoja baada ya mwingine, tangu mwaka 2016 nilipogundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili. Sukari kabla ya kula imeandikwa kila nilipohudhuria, uzito umeandikwa, presha imeandikwa, na mara moja hata miguu ilikaguliwa, muuguzi akatia alama ya vema kwa wino mwekundu. Kuhusu figo hapakuwa na kitu zaidi ya maneno "mkojo: kawaida", yaliyoandikwa mara mbili, hadi nilipofika kwenye kurasa za mwaka 2024. Kituo chenyewe sitakitaja, maana foleni ya pale naijua na ninajua muuguzi mmoja huhudumia watu wangapi kabla ya saa sita mchana. Hata hivyo, miaka minane ni mingi.

Aliyeligundua pengo hilo alikuwa daktari kijana aliyekuja kushika zamu. Aliniamkia, akalifungua daftari, akauliza, "Mama, umewahi kupimwa albumini kwenye mkojo?" Nikamjibu kwamba mkojo nimepimwa na nimeambiwa ni safi. Akanieleza kwa utulivu kwamba kile kijiti cha rangi kinachochovywa kwenye mkojo huanza kuonyesha protini pale inapokuwa imekwisha kuwa nyingi, ilhali figo la mwenye kisukari huanza kuvujisha kidogo kidogo, miaka kadhaa kabla kijiti hakijabadilika rangi.

Nimekulia pwani, kwa hiyo nililielewa jambo hili kwa mfano wa kifumbu. Kifumbu kizima hupitisha tui na kuzuia machicha. Kikichakaa, machicha huanza kuonekana ndani ya tui, ingawa mpishi bado anapata mboga yake na walaji hawalalamiki. Sukari iliyokaa juu kwa miaka, hasa ikishirikiana na presha, huvichakaza vichujio vidogo vya figo, ambavyo katika kila figo hukaribia milioni moja, na albumini, ambayo ni protini inayopaswa kubaki kwenye damu, hupenya ikaingia kwenye mkojo. Wakati huo mtu hasikii maumivu yoyote. Miguu kuvimba na mkojo kutoa povu jingi kwa kawaida ni habari za baadaye sana.

Vipimo vyenyewe ni viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya mwenzake. Cha damu hupima kreatinini, ambayo ni taka ya misuli, na kutokana nayo, pamoja na umri na jinsia, hukokotolewa kasi ya figo kuchuja damu. Ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa sugu wa figo. Cha mkojo hulinganisha albumini na kreatinini iliyomo katika mkojo huohuo. Nilipouliza kwa nini wasipime albumini peke yake, mtaalamu wa maabara alinipa mfano wa chai: ukiongeza maji kwenye birika, sukari iliyomo ni ileile, lakini atakayeonja kijiko kimoja atasema haina sukari. Vivyo hivyo aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na ndiyo sababu ya kulinganisha.

Walinitaka nilete mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kikopo nilikitia ndani ya bakuli lenye mfuniko, bakuli nikaliweka kikapuni, nikapanda daladala kama mtu anayempelekea mgonjwa mboga. Konda akaniambia, "Mama, kikapu weka chini," nami nikakipakata hadi mwisho wa safari.

Jibu lilikuwa miligramu 86 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini, wakati kawaida ni chini ya 30. Kasi ya kuchuja ilikuwa 81, ambayo haikumtisha daktari. Ningepimwa damu peke yake, ningerudi nyumbani nikiwa na furaha isiyo na msingi. Hakunipa jina la ugonjwa siku hiyo, kwa kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo, mazoezi mazito au sukari iliyopanda sana vinaweza kuipandisha albumini kwa muda. Alitaka angalau vipimo viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, viwe juu. Cha pili kilisoma 71. Hapo ndipo alipoanza kunipa losartani, dawa ya presha ambayo pia hupunguza uvujaji huo, akaagiza nirudi baada ya wiki mbili kupimwa potasiamu na kreatinini. Akanikataza pia diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, ambayo kwa miaka nilikuwa nikiinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti bila kumwuliza mtu. Katazo hilo, nakiri, ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa hivi tangu siku anayogundulika, kwa sababu huenda aliishi nacho miaka bila kujua. Wa aina ya kwanza huanza baada ya miaka mitano. Na wote hurudia angalau mara moja kila mwaka.

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, bibi mmoja aliyekaa kando yangu aliliona daftari langu likiwa wazi akaniuliza ile 71 ni sukari ya lini. Nilimweleza kwa kirefu, foleni ikituruhusu. Akanipa daftari lake na kalamu, akasema, "Niandikie nyuma hapo, mwanangu, herufi kubwa, miwani nimeiacha Buguruni." Nikamwandikia: ALBUMINI NA KREATININI KWENYE MKOJO, KREATININI KWENYE DAMU. Akalishika mkononi likiwa limegeuzwa, jalada la nyuma juu, mpaka jina lake likaitwa.